Kwenye Klasta, Mashine Pepe ni Kazi Kama Kazi Nyingine

Ndugu watafiti, wanafunzi, na nyinyi wasimamizi wa mifumo, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie uendeshaji wa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa, inayotumiwa na watu wengi. Mada imekaa kama ya kusoma mwongozo kwa sauti, na mwongozo mnaweza kuusoma wenyewe. Mimi nataka kutetea hoja moja tu, kisha tuifuatilie inavyojitokeza kwenye viini vya prosesa, kwenye diski, kwenye mtandao, na hasa pale muda uliopewa unapokwisha.

Hoja yenyewe ni hii. Mashine pepe imeundwa ili idanganywe. Mfumo endeshi ulio ndani yake unaamini una kompyuta nzima: prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake, kadi yake ya mtandao, saa yake. Klasta inajua mengine. Kwa klasta, hicho unachokiita kompyuta ni mchakato mmoja wa mtumiaji mmoja, uliopewa viini kadhaa na gigabaiti kadhaa kwa saa kadhaa, na nyuma yake kuna foleni ya kazi za wengine zinazosubiri zamu. Mgeni, yaani huo mfumo endeshi ulio ndani, hana njia ya kujua habari za foleni. Foleni nayo haioni yanayoendelea ndani. Anayezijua pande zote mbili ni wewe peke yako, na karibu kila ajali ninayoijua katika eneo hili ilianza pale mwenye kazi alipoanza kuamini maneno ya mgeni.

Kabla hatujaenda mbali, niwaruhusu waondoke wale wasiohitaji kunisikiliza. Kama shida yako ni kwamba nodi, yaani kompyuta mojamoja za klasta, zina toleo la zamani la maktaba fulani, au programu yako inataka Ubuntu na klasta inatumia Linux ya aina nyingine, wewe unahitaji kontena, yaani kifurushi cha programu pamoja na maktaba zake. Apptainer, mradi ulioitwa Singularity hadi mwaka 2021, ulibuniwa kwa mazingira haya hasa: kontena inakimbia kwa jina lako mwenyewe, inaona faili zako, na hakuna keneli (moyo wa mfumo endeshi) ya pili ya kuwasha, maana inatumia keneli ya nodi. Mashine pepe huja na keneli yake. Hapo ndipo pa kuamulia. Ukihitaji keneli tofauti, yaani Windows, au Linux ya miaka iliyopita ambayo programu yako imeshikamana nayo hadi kwenye mizizi, au moduli ya keneli unayoijaribu, au jaribio linalodai mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), au mfumo mzima unaotaka kuuhifadhi kama ulivyo ili matokeo yarudiwe miaka ijayo, basi kaa. Vinginevyo unajitwisha mzigo bure, na naweza kusema bila kusita kwamba nusu ya mashine pepe ninazoziona kwenye foleni zingekuwa kontena.

Mliobaki, nivumilieni kidogo kwa historia, maana ina kichekesho chake. Mashine pepe na klasta zilizaliwa kwa sababu zinazopingana. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM pale Cambridge, Massachusetts, walikuwa na kompyuta kubwa za gharama ya kutisha na watu wengi waliozihitaji. Wakaunda CP-40, kisha CP-67, programu iliyompa kila mtumiaji kitu kinachofanana na kompyuta nzima. Mwaka 1972 IBM ikatoa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakachapisha masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili igawanyike hivyo kwa usafi. Klasta zikaja kwa mlango wa upande wa pili. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 DX4, wakaziita Beowulf, ili nyingi zifanye kazi kama moja. Wa kwanza walikata kitambaa kimoja kuwa vipande, wa pili walishona vipande kuwa kitambaa. Sisi leo tunashona, halafu tunakata tulichokwisha kushona, halafu tunashangaa kuona nyuzi zinaning'inia.

Prosesa za x86, ambazo ndizo zimejaa kwenye klasta nyingi, hazikuyatimiza masharti ya Popek na Goldberg. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililipita tatizo hilo kwa kutafsiri maelekezo ya mgeni huku yakikimbia. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza mwaka 2003, ilitaka mfumo wa ndani urekebishwe ili ushirikiane. Mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD wakaingiza msaada ndani ya prosesa yenyewe, na mwanzoni mwa 2007 KVM, inayoutumia msaada huo, ikawa sehemu ya keneli ya Linux, toleo 2.6.20. Tangu hapo nodi yoyote ya Linux inaweza kuwa mwenyeji wa mashine pepe bila kununuliwa chochote, na mtumiaji wa kawaida anaweza kuwasha QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, ndani ya kazi yake ya foleni.

Anaweza, ila kwa sharti. KVM hupitia faili moja, /dev/kvm, na ruhusa ya kulifungua hutolewa na msimamizi. Usipokuwa nayo, QEMU bado inaweza kumwendesha mgeni kwa kuigiza prosesa kwa programu tupu, na hapo kasi huporomoka vibaya, mara kumi na zaidi kwa kazi nyingi. Ubaya ni kwamba usipotaja KVM kwenye amri, QEMU huchagua njia hiyo ya uigizaji bila kukuambia lolote. Kwa hiyo andika wazi kwamba unataka KVM, kila mara. Ikikosekana, amri itakataa palepale, na kukataliwa saa mbili asubuhi ni bora kuliko kugundua kesho kutwa kwamba hesabu zako zilikuwa zinatambaa.

Sasa tuje kwenye rasilimali. Unaomba viini 16 na gigabaiti 64. Unasubiri, unapewa. Unawasha QEMU, na unasahau kuiambia ulichopewa. QEMU isipoambiwa kitu humpa mgeni kiini kimoja na megabaiti 128 za kumbukumbu. Kwa kumbukumbu utagundua mara moja, maana mifumo ya siku hizi haitawaka. Kwa viini hutagundua. Viini 15 vitakaa kimya vikikatwa kwenye mgao wa kundi lako, huku watu wakisubiri kitu ambacho hakuna anayekigusa. Dawa ni kutoandika namba ileile mara mbili kwa mkono. Ukiomba viini kwa --cpus-per-task, Slurm, programu inayosimamia foleni, huiweka namba hiyo kwenye SLURM_CPUS_PER_TASK. Skripti yako iisome hapo na kuipeleka kwenye -smp, chaguo la QEMU la idadi ya viini. Siku ukiomba viini 8 badala ya 16, mashine itafuata yenyewe.

Kumbukumbu ina mtego wa kinyume: huko watu hukosea kwa kumpa mgeni yote. Ukiomba gigabaiti 64 na ukamwambia mgeni ana gigabaiti 64, hujaacha chochote kwa QEMU yenyewe, ambayo ina vifaa vya kuigiza na inahitaji nafasi yake. Na kuna lililo baya zaidi. Linux iliyo ndani, ikiona kumbukumbu iliyo wazi, huijaza nakala za faili ilizosoma karibuni. Inafanya sawa kabisa kwa mtazamo wake. Lakini kwa nje, kila ukurasa ambao mgeni ameugusa unahesabiwa kuwa umetumika, na hata akiuachia, nodi haipati habari. Kwa hiyo kazi inaanza ikiwa na gigabaiti chache, inapanda polepole usiku kucha ingawa hesabu zako hazikui hata kidogo, na kabla ya alfajiri inagonga kikomo. Keneli ya nodi inaua mchakato uliovuka mpaka, na mchakato huo ndio kompyuta yote ya mgeni. Huwezi kuingia ndani kusoma logi za makosa, kwa sababu ndani hakuna aliyeona kosa lolote. Acheni pengo la gigabaiti moja au mbili, na zaidi kama mashine ina vifaa vingi.

Aina ya prosesa nayo inahitaji neno. QEMU isipoelekezwa humwonyesha mgeni prosesa ya jumla isiyo na maelekezo mapya kama AVX. Programu za hesabu ama zitakataa kukimbia ama zitachukua njia ya polepole, na wewe utailaumu mashine pepe kwa kosa lisilo lake. Tumia -cpu host, mgeni aione prosesa halisi. Ila kumbukeni kwamba klasta nyingi zimenunuliwa kwa awamu, na nodi za awamu moja hazifanani na za nyingine. Ukihifadhi hali ya mashine inayokimbia kwenye nodi yenye AVX-512 na kuifufua kwenye nodi isiyo nayo, itakwama au programu zitakufa kwa maelekezo yasiyotambulika. Anayetaka kusimamisha na kufufua achague aina ya prosesa iliyo ya chini kuliko zote anazoweza kupangiwa, au aombe nodi za aina moja tu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni gharama ya kasi. Kwa hesabu tupu, namba kwa namba, KVM iko karibu sana na mashine halisi. Gharama iko kwenye kumbukumbu na kwenye vifaa. Kutafuta ukurasa wa kumbukumbu kwenye x86 ya ngazi nne huchukua hatua nne za kusoma. Ndani ya mashine pepe, ambako kila ngazi ya mgeni lazima nayo itafsiriwe na mwenyeji, hatua zinaweza kufika 24. Programu inayorukaruka kwenye kumbukumbu kubwa itahisi hilo, na kurasa kubwa za megabaiti 2 badala ya kilobaiti 4 hupunguza maumivu. Kwa diski na mtandao tumieni vifaa vya virtio, ambavyo vinajua viko ndani ya mashine pepe na haviigizi kadi ya zamani hatua kwa hatua. Hayo yanatosha, mengine ni ya kupima kwa programu yako mwenyewe.

Diski ndiyo inayoharibu ujirani kwenye klasta, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mfumo wa faili wa pamoja, uwe Lustre au mwingine wa jamii hiyo, umejengwa kwa ajili ya kusoma na kuandika mafungu makubwa kwa mfululizo. Mfumo endeshi hauandiki hivyo. Unaandika vipande vidogovidogo huku na huku: logi za mfumo, faili za muda, jarida la diski, na baada ya vingi kati ya hivyo unadai uhakika kwamba kilichoandikwa kimefika kweli. Kwenye kompyuta ya mezani hakuna anayejali. Kwenye klasta, weka imeji (faili za diski) za mashine mia mbili kwenye saraka ya pamoja, ziwashe kwa pamoja, na mtu asiyekujua, kwenye jengo lingine, ataandika ls na kusubiri dakika nzima kuona faili zake. Hapo ndipo barua pepe za wasimamizi hupoteza adabu.

Njia iliyo sahihi ipo na si ngumu. Imeji ya msingi, yenye mfumo na programu zako, inakaa kwenye hifadhi ya pamoja na haiandikwi. Kila kazi inajitengenezea tabaka lake la qcow2 (muundo wa faili za diski wa QEMU) juu ya msingi huo, kwenye diski ya nodi yenyewe:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 tabaka.qcow2

Tabaka linaanza likiwa dogo sana, kwa sababu linahifadhi tofauti tu. Maandishi yote ya mgeni yanaishia kwenye diski ya nodi, na kazi ikiisha tabaka linafutwa. Kinachotoka ni matokeo, faili za kawaida, zinazonakiliwa mara moja kwenda hifadhi ya pamoja. Kama mashine zinawashwa nyingi kwa mkupuo, hata kuusoma msingi kwa pamoja ni msongamano; ama zipishane kwa sekunde kadhaa, au kila nodi ianze kwa kujinakilia msingi mzima.

Kuna masharti mawili ambayo ukiyavunja hutapata onyo. La kwanza: msingi ukishakuwa na matabaka juu yake usiguswe tena. Usiuwashe hata kwa dakika moja ili usasishe programu fulani. Tabaka linakumbuka tu vipande vilivyobadilika na linaamini vingine viko mahali vilipokuwa. Ukibadilisha chini yake, mfumo wa faili wa mgeni unakuwa mchanganyiko wa zamani mbili. Ondoeni ruhusa ya kuandika kwenye faili hilo, hata kwenu wenyewe. Ukitaka msingi mpya, tengeneza faili jipya lenye tarehe kwenye jina. La pili: mashine mbili zisiandike imeji moja. QEMU tangu toleo 2.10 la mwaka 2017 hufunga imeji ili kuzuia hilo, lakini kufuli hilo linategemea mfumo wa faili. Baadhi ya hifadhi za pamoja zimewekwa kwa namna ambayo kufuli linaonekana ndani ya nodi moja tu. Kwenye nodi ya pili hakuna anayejua kwamba mlango umefungwa.

Na muda nao. Slurm, muda wa kazi ukiisha, hutuma ishara ya SIGTERM, husubiri kidogo, sekunde 30 kama msimamizi hakubadilisha, kisha hutuma SIGKILL, ambayo haina rufaa. Programu ya kawaida iliyoandikwa vizuri huzitumia hizo sekunde kuokoa hali yake. QEMU ikipokea SIGTERM hufunga, basi. Haimwambii mgeni ajizime. Kwa mgeni, umeme umekatika: faili zilizokuwa wazi zimebaki nusu, hifadhidata iliyokuwa ikiandika imekatwa katikati ya sentensi. Mtu anaona kwenye orodha ya foleni kwamba kazi imemaliza muda wake, na anashangaa kwa nini faili la matokeo lina baiti sifuri.

Lazima wewe ndiye uwe mkalimani. Slurm inakubali kutuma ishara mapema; --signal=B:USR1@600 inamaanisha skripti yangu iamshwe dakika kumi kabla ya mwisho. Skripti ikiamshwa inaandika system_powerdown kwenye soketi ya udhibiti ya QEMU, ambayo ni sawa na kubonyeza kitufe cha kuzimia, kisha inasubiri mgeni amalize na kunakili matokeo. Kuna kizingiti kimoja kinachowaangusha hata wazoefu wa bash: ganda hilo la amri halitekelezi mtego wa ishara (amri ulizoziandaa zikimbie ishara ikifika) mpaka amri iliyo mbele imalizike. QEMU ikikimbia mbele, mtego utasubiri QEMU iishe, yaani utasubiri jambo ambalo lenyewe ndilo lililopaswa kulisababisha. Weka QEMU nyuma kwa alama ya & na ukae kwenye wait. Halafu hakikisha mgeni anakisikia hicho kitufe. Imeji zilizopunguzwa sana mara nyingine hazina programu ya kukisikiliza. Jaribuni mpango huu mzima kwa kazi ya dakika kumi na tano kabla ya kuukabidhi kazi ya siku tatu.

Wengine wataniambia: mbona QEMU inaweza kuhifadhi hali nzima, na kumbukumbu ikiwemo, kisha ikaendelea kesho? Inaweza. Lakini gigabaiti 64 zilizotumika kweli zinachukua muda kuandikwa, miunganisho ya mtandao inakufa, saa ya mgeni inaamka ikiwa nyuma, na ukiwa umemkabidhi mgeni kifaa halisi cha nodi, GPU kwa mfano, mara nyingi njia hiyo imefungwa. Mimi napendelea programu iliyo ndani iandike hatua zake nje kila baada ya muda, kiasi kwamba mashine ikifa wakati wowote hasara ni nusu saa. Anayeitendea mashine pepe kama kazi hupanga hivyo tangu mwanzo. Anayeitendea kama kompyuta yake huipenda, huipamba, na hulia ikifa.

Mtandao unaleta malalamiko mengi kuliko yote, na mengi hayana msingi. Mtumiaji wa kawaida hupewa mtandao wa ndani ya QEMU yenyewe. Mgeni anajiona ana anwani 10.0.2.15, mlango wake wa kutokea ni 10.0.2.2, anaweza kwenda nje, na hakuna wa nje anayeweza kumfikia. Mtu wa kwanza kuingia huandika ping, amri ya kupima kama kompyuta inafikika, haijibiwi, anatangaza mtandao umekufa. Haujafa, katika mpangilio huu ping mara nyingi haipiti hata pale ambapo kurasa zinafunguka vizuri. Ili uingie kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, unaomba QEMU ielekeze poti moja (mlango wa mtandao wenye namba) ya nodi kwenda kwa mgeni. Taja 127.0.0.1, la sivyo poti itasikiliza kwenye kila kadi ya nodi, na mgeni wako mwenye nenosiri la majaribio atakuwa wazi kwa klasta nzima. Na jamani, acheni poti 2222. Kila mfano duniani unatumia 2222, kwa hiyo kazi mbili zikikutana nodi moja, ya pili haiwaki. Chagueni poti kwa hesabu inayotokana na namba ya kazi.

Baada ya hapo huja ombi: tupeni daraja, mashine yangu ionekane kwenye mtandao wa klasta kama nodi. Msimamizi anakataa, na mnamwona katili. Ngojeni nimtetee. Ndani ya mashine yako wewe ni root. Klasta nyingi bado zinasafirisha saraka za watumiaji kwa NFS (mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao) ya mtindo wa kawaida, ambao seva huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mteja. Mashine iliyo kwenye mtandao huo na yenye root inaweza kujiita mtumiaji yeyote. Kuwazuia root walio nje hakusaidii, kwa sababu root wa ndani hujigeuza kwanza kuwa mtumiaji wa kawaida, kisha ndipo hubisha hodi. Kwa maneno mengine, daraja unaloliomba ni ufunguo wa faili za watu wote. Ukitaka mgeni aone saraka yako, tumia njia ya kushiriki saraka kupitia QEMU, kama 9p. Hapo maombi yote ya faili yanapita kwenye mchakato unaokimbia kwa jina lako, na root wa ndani hapati zaidi ya ulicho nacho wewe.

Ngoja nitaje jambo ambalo huwauma wanasayansi zaidi ya wasimamizi. Ukiwasha mashine kumi kutoka imeji moja, unazaa mapacha: funguo za SSH zilezile, kitambulisho kilekile cha mashine. Hiyo ni kero, na cloud-init, programu ya kuandaa mashine inapowaka mara ya kwanza, au skripti fupi ya mwanzo inaitibu. Lakini ukiwafufua mapacha kutoka hali iliyohifadhiwa pamoja na kumbukumbu, ili uokoe muda wa kuwasha na kupakia data, unanakili pia hali ya kila programu iliyokuwa ikikimbia. Kama programu yako ya uigaji ilishapanda mbegu (namba ya kuanzia) ya namba nasibu kabla ya kuhifadhiwa, mapacha mia moja watatoa mfululizo uleule wa namba nasibu. Utapata matokeo mia moja yanayokubaliana kwa namna ya kupendeza, na kwa kweli una tokeo moja. Keneli za siku hizi zina njia ya kushtuliwa kwamba mashine imenakiliwa, nazo hujipandia mbegu upya. Programu yako haina. Mbegu ipandwe baada ya kufufuka, kutoka namba ya kazi, na iandikwe pamoja na matokeo.

Usalama nitaupitia haraka. Mashine pepe ni ukuta mzuri lakini ni programu, na programu zina kasoro. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM, kwenye sehemu ya QEMU inayoigiza kisomeo cha floppy, kifaa ambacho hakuna aliyekuwa akikihitaji. Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, ambazo ziligusa prosesa zenyewe. Kwenye klasta tuna faraja moja: QEMU ikikimbia kwa jina la mtumiaji wa kawaida, anayevunja ukuta anatokea akiwa na mamlaka ya mtumiaji huyohuyo. Kwa hiyo msiwasumbue wasimamizi mkitaka QEMU ikimbie kama root. Na mwenye mfumo wa zamani usiopata tena masasisho, auendeshe bila kadi ya mtandao kabisa. Data iingie na itoke kwa diski.

Limebaki kundi moja: mnaotaka hifadhidata au tovuti ya mradi ikae hewani siku zote. Foleni haikujengwa kwa ajili yenu. Nawaona mnaoiwasilisha upya kazi ileile kila muda unapokwisha, kwa skripti inayojiita yenyewe, na wasimamizi nao wanaiona. Kwa mahitaji hayo kuna mawingu ya ndani, yaani huduma ya seva pepe za taasisi yenyewe. OpenStack, programu ya kuendesha mawingu hayo, ilianzishwa mwaka 2010 na Rackspace pamoja na NASA, na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ilianza kuitumia rasmi kwa huduma zake mwaka 2013. Huko mashine inaruhusiwa kuishi, inapewa mtandao wake, na ikihitajika inahamishwa kwenda seva nyingine bila kuzimwa. Kabla ya kuandika skripti nyingine ya kujiwasilisha upya, waulizeni wasimamizi kama huduma ya aina hiyo ipo. Mkiikuta haipo, waandikieni mkieleza mnachotaka kukiweka hewani na kwa muda gani, maana ombi la aina hiyo likitoka kwa makundi matatu au manne linaingia kwenye bajeti.